Siku Nne Bangkok kwa Dola 450: Uchambuzi wa Safari ya Ndugu Wawili

## Kwa nini kisa hiki

Watu wanaoniomba niwasaidie kupanga safari fupi huniuliza mambo matatu: nauli ni kiasi gani, chumba ni kiasi gani, na kula ni kiasi gani. Nimepanga safari kadhaa kwa kujibu hayo matatu tu, na nyingi zilikwenda vizuri. Safari ya ndugu wawili waliokwenda Bangkok mwaka 2025 ndiyo iliyonionyesha jambo la nne nililokuwa nalipita, nalo ni saa. Hawakuibiwa wala hawakuugua, na fedha nyingine walirudi nazo. Lakini katika siku nne walizozilipia, moja iliwapotea yote, na nyingine zilikuwa njiani kupotea. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa kwenye mpango nilioandika mimi.

Wenyewe wameridhia niandike. Majina yao, mji wao, shirika la ndege na nyumba za wageni walizolala nimeviacha. Hapa nitawaita Dada na Mdogo.

## Usuli

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaribia miaka 40. Mdogo wake wa kiume ni fundi umeme, miaka 27. Ni watu wa pwani ya Tanzania, Waislamu, na hawakuwahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Lilitokea punguzo la nauli kupitia Ghuba kwa tarehe chache za msimu wa mvua, nao wakalidaka. Bangkok mvua huanza katikati ya Mei na kuendelea hadi Oktoba, na ndiyo maana nauli na vyumba hushuka miezi hiyo. Mvua yenyewe mara nyingi si ya kutwa. Asubuhi jua huwaka, kisha alasiri mbingu inafunguka kwa saa moja au mbili na barabara zinajaa maji.

Walikuwa na usiku nne: wafike Jumatano usiku, waondoke Jumapili usiku. Ukiondoa nauli ya ndege, walijipangia dola 450 kwa wote wawili. Dola moja wakati huo ilikuwa karibu baht 32, kwa hiyo tulikuwa na takriban baht 14,400 mkononi.

Kulikuwa pia na fedha nyingine ambayo haikuwa ya kutumia. Mwenye viza ya utalii Thailand anaweza kutakiwa na ofisa wa uhamiaji aonyeshe kuwa ana baht 20,000, au baht 40,000 kwa familia. Kwa hiyo walibeba dola 1,300 taslimu. Kati yake dola 850 zilikuwa za kikoba cha Dada, alizoazimwa kwa sharti kwamba zirudi noti kwa noti. Nalisema hili mapema kwa sababu fedha hiyo ilifanya kazi kubwa baadaye, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

## Maandalizi

Viza haikuwasumbua. Tangu Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand hupelekwa kwa mtandao dunia nzima, na kwa Mtanzania yanashughulikiwa na ubalozi wao ulioko Nairobi. Walipakia pasipoti, taarifa za benki, tiketi ya kwenda na kurudi na uthibitisho wa chumba, wakasubiri.

Kulikuwa na vitu viwili vingine. Cha kwanza ni fomu ya kuingilia ya kidijitali, ambayo tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni huijaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure. Mdogo alikuwa ameshafungua tovuti moja iliyomtaka malipo, nikamwambia aifunge, tukatumia ile ya uhamiaji wenyewe.

Cha pili ni kadi ya njano. Thailand inamtaka mtu anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya safari. Cha Dada kilikuwa kipya. Mdogo alichanjwa mwaka 2013, na kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa kwamba mwisho wake ni 2023. Akataka kuchanja tena. Nilimwambia hakuna haja: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha, na kadi za zamani zimo humo humo. Hapo nilikuwa sahihi, na kadi ilipokelewa.

Chumba nilikichagua mimi. Nilipata nyumba ya wageni safi upande wa mashariki ya jiji kwa baht 550 kwa usiku, watu wawili. Vyumba vya aina ile ile katikati ya jiji vilikuwa baht 950. Nikapiga hesabu: tofauti ya baht 400 kwa usiku nne ni baht 1,600, yaani dola 50 zimeokolewa. Kwenye bajeti ya dola 450 hiyo si fedha ya kupuuza. Nililipia usiku zote nne kwa bei isiyorudishwa, kwa sababu nayo ilikuwa na punguzo lake. Kituo cha treni kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa kilomita mbili na ushee. Hilo nililiona kwenye ramani, nikaliruka.

## Jumatano usiku: uwanja wa ndege

Ndege ilitua Suvarnabhumi saa 5:40 usiku. Walifuata umati hadi kwenye foleni ya uhamiaji, wakasimama dakika 40, walipofika dirishani wakarudishwa. Msafiri anayetoka nchi zetu hupita kwanza kwenye meza ya afya, aonyeshe kadi ya njano na kugongewa muhuri, ndipo aende uhamiaji. Mabango yapo, ila mtu aliyekaa angani saa nyingi huwafuata walio mbele yake, na walio mbele yake walitoka nchi zisizohitaji kadi. Walirudi nyuma, wakagongewa muhuri kwa dakika tano, wakapanga foleni upya.

Ofisa aliwauliza tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Fedha hakuitaja.

Walipotoka ilikuwa saa 7:30 usiku. Treni ya uwanja wa ndege, ambayo kwa baht 45 au chini ya hapo ingewafikisha kituo cha Phaya Thai katikati ya jiji, hufunga usiku wa manane. Wakachukua teksi ya mita kwenye foleni rasmi. Mita huanza na baht 35, na uwanjani huongezwa baht 50. Kwa jumla walilipa karibu baht 300. Walilala saa 9 usiku.

## Alhamisi: siku iliyopotea

Waliamka saa 4 asubuhi. Bodaboda mbili hadi kituoni, kisha treni, kisha kubadilisha treni. Kutoka mlangoni mwa gesti hadi ukuta wa Kasri Kuu la wafalme walitumia dakika 80 za njiani tu, na saa 6:20 mchana ndipo waliposimama chini ya ukuta ule mweupe. Mdogo alivaa kaptula.

Mtu mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi, Kiingereza safi, aliwasogelea kwa upole. Akawauliza wanatoka wapi, akafurahi kusikia Tanzania. Akawaambia kasri limefungwa hadi alasiri, kuna ibada. Akaionyesha kaptula ya Mdogo: hata hivyo usingeingia. Akachukua ramani yao, akachora duara kwenye hekalu la Buddha aliyesimama, akaita bajaji, akamwagiza dereva awazungushe kwa baht 40 halafu awarudishe saa 8:30.

Ukweli ni kwamba kasri lilikuwa wazi. Huuza tiketi kuanzia 2:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na kwenye eneo lile kuna mabango na vipaza sauti vinavyowaonya wageni wasimsikilize anayewaambia pamefungwa. Utapeli huu wa Bangkok ni wa miaka mingi na ninaujua. Niliutaja kwenye mpango wangu kwa mstari mmoja, ukurasa wa tatu.

Buddha aliyesimama yupo kweli, Wat Intharawihan, sanamu ya mita 32, na ni ya kutazamwa. Kituo cha pili kilikuwa duka la fundi wa suti. Cha tatu kilikuwa duka la vito, saa 8:15.

Hapa ndipo kisa kinaponifundisha zaidi. Mdogo hakuwa mjinga wa mawe. Mjomba wao alichimba Tunduru miaka ya 1990, wakati wanunuzi kutoka Thailand walipofika hadi kule kununua yakuti. Alijua kwamba mawe mengi ya Tanzania huvuka bahari kuja kukatwa Bangkok na Chanthaburi. Kwa hiyo muuzaji alipomwambia, "haya ni ya kwenu, yamekatwa hapa, leo ni siku ya mwisho ya msamaha wa kodi, ukifika kwenu unauza mara mbili," nusu ya maneno hayo alikuwa anaijua kuwa kweli tangu utotoni. Nusu hiyo ndiyo iliyombebea ile nyingine. Bei ilikuwa dola 600 kwa mawe mawili. Dola 600 walikuwa nazo.

Dada alikataa. Hakukataa kwa sababu aligundua utapeli. Alikataa kwa sababu fedha zile hazikuwa zake. Aliniandikia: "Kaka, tuko duka la vito, huyu mtoto anataka kununua. Wanasema ni ofa ya serikali. Za kikoba sitoi, lakini naomba unisemee naye."

Kwetu ilikuwa saa 4:15 asubuhi, nilikuwa kikaoni. Nilimjibu baada ya dakika 20: tokeni sasa hivi, msieleze, msiage. Walipotoka, dereva wa bajaji alikuwa ameshaondoka bila hata kudai nauli yake. Mvua ikashuka. Walipata teksi kwa baht 90, ikakwama kwenye maji, na wakafika kasri saa 9:40. Dirisha la tiketi limefungwa.

Jioni walirudi gesti kwa gari la programu ya simu, baht 260, saa moja na nusu kwenye foleni. Programu yenyewe ni Bolt, ile ile wanayoitumia nyumbani, na hilo liliwapa faraja kidogo.

## Uamuzi wa Alhamisi usiku

Dada alinipigia. Alikuwa ametulia, na alikuwa ameshaamua kuhama.

Nilimpinga. Nilimwambia usiku mbili zilizobaki zimeshalipiwa, baht 1,100 hazirudi, na chumba kipya katikati ni baht 1,900 nyingine. Nikamshauri waamke mapema zaidi, saa 11 alfajiri, wawahi.

Alinijibu: "Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimekaa barabarani saa tatu leo. Kesho Ijumaa, nataka kuswali mahali na kula kitu ninachokijua."

Mdogo ndiye aliyepatafuta mahali kwenye simu. Alichagua Phetchaburi Soi 7, mtaa wenye msikiti wa Darul Aman na migahawa ya halali iliyopangana uchochoro mzima. Kituo cha Ratchathewi cha treni ya juu kiko hapo hapo. Phaya Thai, inakoanzia treni ya uwanja wa ndege, ni kituo kimoja mbele. Gati la Hua Chang la boti za mfereji ni mwendo mfupi kwa miguu. Sikuwa nimewahi kumpangia mtu chumba kwa kuanzia msikitini. Nilianzia bei, nikamalizia ramani.

## Ijumaa hadi Jumapili

Ijumaa saa 3 asubuhi walikuwa wameshahamia. Waliswali Ijumaa, wakala wali wa kuku na supu nje ya msikiti, na Dada aliniambia ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatano alipojisikia yuko safarini.

Alasiri walipanda boti ya mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa miaka ya 1837 hadi 1840 na leo unabeba watu wanaokwenda kazini na kurudi. Nauli haizidi baht ishirini na kitu. Boti haingoji: inagusa gati, watu wanaruka, inaondoka. Kondakta anatembea kwenye ukingo wa nje akikusanya nauli, na abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki maji yasiwarukie. Wanapita Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Wacham (kabila la Kambodia na Vietnam), wafumaji wa hariri waliokaa kando ya mfereji huo vizazi vingi. Mdogo alipiga picha chache sana siku hiyo. Alisema alikuwa anatazama.

Boti iliwashusha Panfa, mwisho wa mstari. Kutoka hapo walitembea hadi Wat Saket, Mlima wa Dhahabu, ngazi zaidi ya 300 zinazozunguka kilima kilichojengwa na watu. Mvua ilikuwa imekwisha. Waliona mji wote, mapaa ya mahekalu upande mmoja na maghorofa upande wa pili, jua likizama.

Jumamosi saa 2:15 asubuhi walikuwa mlangoni mwa Kasri Kuu. Mdogo alivaa suruali, Dada dera na mtandio. Kiingilio ni baht 500 kwa mgeni. Kasri lilianza kujengwa mwaka 1782, Bangkok ilipofanywa makao makuu, na ndani yake yumo Buddha wa Zumaridi, sanamu ya kijani yenye urefu wa sentimita 66 tu, iliyoketi juu sana hivi kwamba mtu huinua shingo. Kisha Wat Pho, ambako Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46. Kisha kivuko cha baht chache kutoka gati la Tha Tien hadi Wat Arun ng'ambo ya mto. Walitembelea kama wageni wanaotazama, viatu mkononi, na Dada hakuona ugumu wowote. Mvua ilipoanza saa 8:30 walikuwa tayari ndani ya boti ya bendera ya rangi ya chungwa, baht 16 kwa mtu, wakishuka na mto hadi Sathorn, kisha treni ya juu hadi nyumbani.

Jumapili asubuhi walichukua treni moja isiyo ya kubadilisha hadi Mo Chit, soko la Chatuchak, ambalo lina maduka zaidi ya elfu kumi na huchangamka Jumamosi na Jumapili. Walikuwa na baht 2,500 za zawadi, wakazimaliza kwa saa tatu. Mchana walilala. Jioni walivuka kituo kimoja, wakapanda treni ya uwanja wa ndege.

## Hesabu ilivyokaa

Chumba cha kwanza baht 2,200, cha pili 1,900. Teksi ya usiku 300. Usafiri wa Alhamisi 520, na wa siku tatu zilizofuata zote 600. Viingilio 2,200. Chakula cha watu wawili kwa siku zote kilikuwa kama 2,000. Laini ya simu 300. Zawadi 2,500. Jumla baht 12,520. Zilibaki 1,880, karibu dola 59. Dola 850 za kikoba zilirudi kama zilivyokwenda.

## Kilichofanya kazi

Kuhama. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi kwa sababu niliipinga. Kutoka gesti ya kwanza, kwenda na kurudi mjini kwa wote wawili kulikuwa baht 340 kwa siku na dakika 160. Kwa siku tatu ni baht 1,020 na saa nane. Chumba kipya kiligharimu 1,900. Ukitoa nauli iliyookolewa, walilipa baht 880, kama dola 27, wakapata saa nane. Nani angekataa kununua siku nzima ya Bangkok kwa dola 27, akiwa ameshalipa mamia ya dola za ndege ili aipate? Mimi nilikataa kwa niaba yao, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye baht 1,100 zilizokwisha kuliwa.

Na kuna lililoniuma zaidi. Wangeanzia Phetchaburi tangu Jumatano, usiku nne zingekuwa baht 3,800. Walilipa 4,100. Chumba changu cha rahisi kiliwagharimu zaidi hata kwa fedha tupu.

Fedha ya kikoba. Tuliibeba kwa ajili ya ofisa wa uhamiaji, ambaye hakuiuliza. Kwenye duka la vito ilikuwa hatari na kinga kwa pamoja: bila hiyo Mdogo asingekuwa na cha kununulia, lakini kwa kuwa ina wenyewe, Dada alikuwa na sababu ya kukataa isiyohitaji hoja. Muuzaji hodari ana jibu la kila hoja. Hana jibu la "si yangu." Bado nashauri watu wabebe fedha ya kuonyesha. Ila sasa nasema ikishapita uhamiaji ifungwe ndani ya bahasha na ibaki mbali na mwili wa yule anayependa kununua.

Asubuhi za mapema katika msimu wa mvua. Jumamosi na Jumapili zilifaulu kwa sababu ya saa za kuanza. Mwenye mambo yake makubwa kabla ya saa 7 mchana havunjwi moyo na mvua ya saa 9.

Boti. Siku walizopita majini hawakujua foleni ya magari ni nini, na pia hapo ndipo walipouona mji kwa karibu. Nilikuwa nimeziandika kama usafiri wa kubana matumizi. Walizirudia kama sehemu ya kutembelea.

## Kilichoshindwa

Saa ya kufika. Ndege iliyotua karibu na usiku wa manane ilikuwa na nauli nafuu kidogo kuliko ya asubuhi. Iliwanyima treni, ikawalaza saa 9 usiku, ikawaamsha saa 4, ikawafikisha kasri mchana wa jua kali, muda ambao watapeli wa pale hupata wateja wao: watu waliochelewa, waliochoka, wasio na uhakika wa saa za kufunga. Tukio la Alhamisi lilianza siku tuliyochagua tiketi.

Onyo la mstari mmoja. Niliandika, "Wapo watu watakaowaambia kasri limefungwa, msiwasikilize." Kweli tupu, na halikusaidia kitu. Onyo la namna hiyo humwandaa mtu kumkwepa mkorofi, na aliyekuja hakuwa mkorofi. Alikuwa mzee mwenye adabu, na watoto wa pwani tumelelewa kumsikiliza mzee mwenye adabu. Ningewapa kitu cha kufanya: saa za kufungua, mlango upi wa kuingilia, na agizo kwamba yeyote akisema pamefungwa, mtembee hadi mlangoni mkaone wenyewe. Namba ya polisi wa utalii, 1155, ningewaambia waihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka. Haikuwemo kabisa kwenye karatasi yangu.

Kaptula. Dada nilimweleza mavazi, nikadhani kwa mwanamume hakuna la kusema. Kasri linamtaka kila mtu afunike mabega na miguu. Kaptula ile ilimpa tapeli nusu ya hoja yake bure.

Meza ya afya uwanjani. Nilihakikisha kadi ipo, sikueleza pa kuionyesha. Dakika 40 zilizopotea saa 6 usiku ni nzito kuliko dakika 40 za mchana.

Noti. Hili ni dogo, nalitaja kwa anayekwenda. Mdogo alibeba sehemu ya dola kwa noti za 20 na 50. Maduka mazuri ya kubadilishia fedha Bangkok hutoa bei ya juu kwa noti za 100, safi na za matoleo mapya, na bei hushuka kadiri noti inavyopungua. Na usikimbilie mashine ya kutolea fedha: kila ukitoa kwa kadi ya nje unakatwa baht 220 au zaidi, mbali na makato ya benki yako.

## Jambo ambalo bado silijui vizuri

Mdogo anasema Alhamisi haikupotea. Anasema alimwona Buddha aliyesimama, alipanda bajaji ya Bangkok, na duka lile lilimfundisha kuhusu mawe ya mjomba wake kuliko yote aliyosimuliwa. Dada anasema ilipotea, na anataja kituo kimoja kimoja alichokosa: Wat Traimit, ambako sanamu ya dhahabu ya tani tano na nusu ilikaa miaka mingi ndani ya lipu hadi ilipobanduka mwaka 1955, bustani ya Lumphini, ambako aliahidi wanafunzi wake picha ya kenge wakubwa wanaotembea kando ya bwawa.

Wanafunzi waliuliza kuhusu kenge.

Mtu akinijia sasa kwa safari ya siku nne, kabla ya bei ninamwomba aniambie mambo mawili: anaswali au anakula wapi, na saa ngapi anataka awe amesimama mbele ya kitu anachokwenda kukiona. Chumba tunakitafuta kati ya hapo na hapo. Kikizidi bajeti, tunapunguza usiku mmoja.